Mguu Alioukatisha Mama

Kidonda cha mama kilianza kunuka tulipokuwa tunaishi Shively, pembeni ya Louisville huko Amerika, katika nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya duka la matairi. Kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidogo kama punje ya hindi, na mwenyewe hakuwa na habari nacho kwa sababu ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaua hisia za unyayo wake. Mimi ndiye niliyekigundua, kwa pua. Nilirudi kazini mchana mmoja, nikafungua mlango, nikadhani kuna nyama iliyooza kwenye friji. Nikatoa kila kitu, nikasugua rafu, nikamwaga hata sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ambayo ilikuwa haijaharibika. Mama alikuwa kwenye kochi akinitazama nikihangaika. Aliponiona nimesimama katikati ya jikoni sijui nifanye nini tena, akavua soksi, akaninyooshea mguu.

Mama yangu si mtu wa kuuonea aibu mwili wake. Amezaliwa kule juu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, akachunga ng'ombe na baba yake, akaolewa, akafiwa na mume angali kijana. Vita vilipotufikia, mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka Bukavu, ambako nilikuwa ninasoma siasa chuoni. Wanaume wa kijiji walikaa wakajadili kama tuondoke au tubaki, na walikuwa bado wanajadili wakati mama alipotuambia sisi watoto wake tuvae nguo zote tulizo nazo, moja juu ya nyingine. Hakuaga, hakuomba ruhusa ya shemeji yake aliyekuwa mkuu wa ukoo. Tulishuka mlima kabla ya jua kupanda vizuri. Waliobaki kujadili, wengi wao sikuwaona tena.

Chuoni sikurudi. Kilichobaki kichwani mwangu ni vipande vipande, na kimoja ni cha mwalimu mmoja mwembamba aliyependa sana neno la Kifaransa, sujet. Alisema neno hilo lina nyuso mbili: ni mtu aliye chini ya mfalme, na ni yule anayetenda ndani ya sentensi. Akatuuliza kama mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Tulibishana mpaka tukachoka, vijana tusiojua kitu, na kila mfano tuliotoa ulikuwa wa marais na majeshi. Hakuna aliyetaja sebule ya mtu. Hakuna aliyetaja wodi ya hospitali, au mtoto mkubwa wa kiume anayempenda mama yake.

Louisville nilifanya kazi kwenye ghala upande wa Okolona. Unavaa kifaa sikioni, sauti ya mashine inakuambia nenda mstari fulani, rafu fulani, chukua boksi hili, na wewe unajibu kwa neno moja tu, kwamba uko tayari. Mashine haiendelei mpaka useme. Mwanzoni nilicheka. Baada ya miezi nilijikuta naota ile sauti, na binti yangu akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba nimemjibu "tayari" alipoomba chumvi mezani. Nilikwenda bafuni nikajitazama kwenye kioo, nikasikia kinyaa na mdomo wangu mwenyewe, kama mtu aliyeamka na kukuta kuna aliyetafuna kwa meno yake.

Kwa hiyo kaka yangu aliposema mama anakaa peke yake mchana kutwa, alikuwa anasema kweli. Mimi kazini, mtoto shuleni, mama na televisheni asiyoielewa. Yaya, hivyo ndivyo tunavyomwita kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, alikuwa anaishi mji mwingine, Columbus, katika nyumba yake mwenyewe, mzee wa kanisa, mtu wa kwanza katika familia kujua Kiingereza vizuri. Tangu kambi ya wakimbizi tulikopita, yeye ndiye aliyekuwa kinywa chetu. Mzungu akiuliza, yaya anajibu. Watu wa kanisa wakiwa na barua ya serikali, wanampelekea yaya. Nilipompigia kumweleza kidonda, alikuja mwisho wa juma ule ule, akakaa kwenye kochi letu pembeni ya mama, akaanza kupanga na mimi namna ya kumhamisha. Alitaja chumba atakacholala, dirisha linaloangalia bustani, kanisa lililo karibu. Yote mazuri. Lakini alikuwa anaongea na mimi juu ya kichwa cha mama, kama watu wawili wanaoangalia kama kabati litapita mlangoni.

Nilimuuliza kama amemuuliza mama. Akacheka kidogo, akamgeukia. "Mama, si unakuja?"

Mama akasema, "Bon," yaani haya. Akaomba nimletee sanduku lake.

Nikiwa Louisville nilipewa habari kwa simu. Mara mguu unaendelea vizuri. Mara wazee wa kanisa wamekuja kuomba, wameupaka mafuta, kidonda kinakauka. Nilitaka kuongea na mama, naambiwa amelala. Siku aliposhika simu mwenyewe aliniambia tu kwamba nyumba ile inanukia maua mpaka kichwa kinamuuma. Sikuelewa mpaka nilipokwenda.

Niliingia kwa yaya siku yangu ya mapumziko, adhuhuri. Wifi yangu alinifungulia, akanikumbatia, na mkononi alikuwa ameshika kopo la manukato ya kupuliza hewani. Kila kona ya nyumba ile palikuwa na kopo kama hilo. Walikuwa wanapuliza maua juu ya uozo, tena na tena, na harufu mbili zilikuwa zimeungana zikawa kitu cha tatu, kitamu na kibichi, kilichonikaa kooni. Mama alikuwa chumbani, dirisha limefungwa. Nilifungua bandeji. Vidole vilikuwa vyeusi na weusi ulikuwa umeanza kupanda juu ya unyayo, ngozi inang'aa kama ya samaki aliyekaa juani. Mama alisema, kwa Kiswahili cha kwetu kinachosema ba badala ya wa, "Umeona? Nimebaambia. Banasema banaomba."

Sikumwomba mtu ruhusa. Niliita gari la wagonjwa. Hilo sitaki kulisimulia kwa kujisifu, kwa sababu yaya alirudi kabla halijafika, na ni yeye aliyepanda mbele na dereva, akaeleza kila kitu kwa sauti ile ya upole, akiwashukuru kwa kuja upesi.

Hospitalini tulikutana na daktari mwanamke, mdogo kwa umri, mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliutazama mguu, akatoka, akarudi na mwenzake, wakautazama tena. Kisha akavuta kiti akakaa mbele ya mama, akaongea taratibu. Alisema uambukizo umeingia kwenye mfupa na unaelekea kwenye damu. Akasema ukikatwa chini ya goti sasa, mama ataishi, na anaweza kupata mguu wa bandia akatembea. Ukiachwa, hatadumu. Halafu akamtazama yaya, akimsubiri atafsiri.

Yaya alitafsiri. Alitafsiri karibu yote, alipunguza tu hapa na pale. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, na ninazijua lugha zote mbili.

Mama hakusita. Alisema, "Bakate."

Yaya akamgeukia daktari, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anamshukuru, kwamba mama ni mtu wa imani, na anaomba apewe muda wa kusali.

Nilidhani sikusikia vizuri. Daktari akasema muda hautoshi, ni suala la leo au kesho. Yaya akamgeukia mama, akamwambia kwamba daktari anasema tungoje kwanza, watampa dawa. Mama akakunja uso. Akasema tena, polepole, kama anayeongea na mtoto, kwamba angoje nini, mguu unanuka, bakate. Na yaya, uso wake umejaa huruma, akamwambia daktari kwamba mama bado hajawa tayari.

Nimeshawahi kuona vitu vibaya. Nimepita kwenye njia zenye maiti. Lakini kile kichefuchefu kilichonishika pale, mbele ya mwanaume aliyevaa shati safi na kumshika mama yake bega kwa upendo, sikuwahi kukipata mahali pengine. Mguu ulioza, lakini mguu haukudanganya. Yeye alikuwa anachukua neno kutoka kinywani mwa mama, analiweka mfukoni, na kutoa lingine.

Nilimvuta nje kwenye ujia. Nilimwambia nimesikia. Hakukana. Alisema kwa utulivu kwamba mama haelewi anachosema, anasema kwa uchungu, na yeye kama mtoto wa kwanza anajua mama anataka nini moyoni. Kisha akaongeza jambo ambalo nadhani ndilo lilikuwa la kwanza. "Watu watasema nini? Kwamba tumemleta Amerika tumkate miguu?"

Nilirudi chumbani. Kiingereza changu ni cha ghalani, cha maboksi na rafu na samahani nimechelewa. Nilisimama mbele ya daktari, nikasema, "Mama yangu amesema mkate mguu. Amesema mara mbili." Yaya, aliyenifuata nyuma, akacheka taratibu, akamweleza daktari kwamba dada yake amechoka, anafanya kazi ngumu, na lugha inampa shida kidogo. Alisema hivyo kwa wema. Ule wema ndio uliotaka kunitapisha.

Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye. Halafu akasema sheria ya hospitali haimtaki mwanafamilia atafsiri jambo kubwa kama hilo, na kwamba ilitakiwa aite mkalimani tangu mwanzo. Akatoka, na muuguzi akaja akisukuma mti wa chuma wenye magurudumu na skrini juu yake. Ndani ya skrini alikuwepo kijana amevaa vifaa vya masikioni, ukuta mweupe nyuma yake, sijui yuko mji gani. Kiswahili chake kilikuwa kilichonyooka, cha Tanzania. Akamsalimia mama, shikamoo mama, akaeleza kwamba kila atakachosema mama, yeye atakisema kama kilivyo, na akisema "mimi" kwa Kiingereza, huyo ni mama anayesema, si yeye.

Yaya alimwambia daktari kwamba huyu ni mgeni, haijui familia. Daktari akamwomba akae.

Mama aliisogelea skrini, akamchunguza yule kijana. Akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, wa wapi. Kijana akaomba radhi, haruhusiwi kusema. Mama akatikisa kichwa kama anayemsamehe. Daktari akamuuliza anaelewa nini kuhusu mguu wake. Mama akajibu, na maneno yake ninayakumbuka.

"Huu muguu ulishakufa mbele yangu. Mimi sitaki kulala na maiti kitandani. Banikate."

Kijana akasita. "Samahani mama. Ukisema banikate, una maana wanikate?"

"Ndiyo. Wanikate."

Kijana akayasema kwa Kiingereza, yote, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi sitaki kulala na maiti. Sauti ya kiume, ya kijana wa umri wa wajukuu wake wakubwa, inasema "mimi", na ule "mimi" ulikuwa wa mama yangu kuliko wowote uliotoka kinywani mwa mwanawe kwa miaka yote aliyokuwa kinywa chetu. Daktari akaendelea kuuliza. Ukikataa kukatwa itakuwaje? Nitakufa, mama akasema. Kuna mtu anayekulazimisha? Mama akamtazama yaya, akanitazama mimi. "Banajaribu," akasema. "Lakini hapana."

Yaya alitoka kwenda kumpigia mchungaji. Mguu ulikatwa kesho yake asubuhi.

Nilifikiri angenifokea. Hakunifokea. Tulipokuwa tunasubiri mama atoke kwenye upasuaji aliniambia tu, akiangalia mikono yake, kwamba nimemvua nguo mbele ya wazungu. Kisha simu zikaanza. Kina mama wa kanisa lao, wengine sikuwajua, wakinipigia Louisville kunipa pole yenye miiba: eti mguu ulikuwa karibu kupona, eti ndoto imeonyesha, eti watoto wa siku hizi. Mmoja alilia kwenye simu, na nilipomuuliza kama aliwahi kuuona ule mguu, akasema hapana, harufu ilimshinda, alikuwa anaombea sebuleni. Nikakata simu. Nilitaka kuosha sikio.

Mama alipotoka hospitali sanduku lake lilikuwa limeshawekwa karibu na mlango wa mbele wa nyumba ya yaya, na godoro lake liko nje ya gereji. Wifi alisema wanafanya usafi. Mdogo wetu wa mwisho, dada aliyekuwa akiishi Buffalo, aliendesha gari akaja akamchukua.

Hapo nilidhani mambo yamekwisha. Mdogo wangu ana moyo mzuri kuliko sisi wote wawili. Anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, anajua kufunga kidonda, anajua kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza. Alikuwa amepanga ghorofa ya juu ya nyumba moja ya mbao huko North Buffalo, ngazi nyembamba na ndefu, na kwa vile ilikuwa inaingia baridi alisema ngazi hazina shida, mama hana safari ya nje.

Nilikwenda kuwaona theluji ikiwa imefika magotini. Njia ya kutoka Louisville inapita Columbus. Nilipita bila kupunguza mwendo. Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa breki, blanketi mapajani, kitambaa kifuani kama cha mtoto anayelishwa. Mdogo wangu alikuwa amempikia uji. Akachota kijiko, akakipuliza, akakipeleka mdomoni kwa mama, akasema, "Tunakula kidogo, ee? Halafu tunameza dawa." Ndivyo walivyomfundisha kazini kuongea na wazee, na alikuwa ameleta ile lugha nyumbani bila kujua.

Mama alimeza. "Mimi nakula," akasema. "Wewe sijui unakula wapi."

Mdogo wangu alicheka na kumbusu kichwani. Hakumruhusu kupika, kisu ni hatari. Hakumruhusu kusimama na magongo akiwa hayupo. Wageni wakija kumsalimia, mdogo wangu ndiye aliyejibu mama anaendeleaje, amelalaje, amekwenda choo au la. Niliwahi kuwapo siku moja wanawake wa kanisa lake walipofika, na mdogo wangu akaanza kusimulia: mama aliugua, mama alipelekwa hospitali, mama alikatwa mguu. Mama akaingilia kati. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesahihisha jina la kijiji.

"Sikukatwa. Nilikatisha."

Wale wanawake wakaangaliana. Mdogo wangu akasema ndiyo mama, ni sawa tu. Lakini si sawa. Nilikaa pale nikafikiria yule mwalimu wangu wa Bukavu na nyuso zake mbili, alivyohangaika kulieleza jambo hili kwa Kifaransa kwa saa nzima, na mama, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, kaliweka mwishoni mwa kitenzi. Nilikunywa chai yangu, na kile kitambaa kifuani mwa mama kilikuwa kinanichoma macho.

Theluji ilipoyeyuka mama aliondoka. Siyo mbali. Mdogo wangu alikuwa kazini. Mama akatoka kwenye kiti, akakaa sakafuni, akateremka ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, akiyaburuta magongo nyuma yake. Alipofika chini akakaa barazani juani. Jirani, mzee wa kizungu mwenye mbwa, akampa kiti. Mdogo wangu aliporudi na kumkuta pale alilia sana, akanipigia akilia, akaniomba nimwambie mama asirudie. Alisema atabadilisha kitasa. Nilimwambia kama atamfungia mama ndani, mimi ndiye nitakayeita polisi. Inaniuma kwamba yeye, mwenye roho safi namna ile, nilisikia kumchukia kwa siku kadhaa kwa kinyaa kile kile nilichokuwa nacho kwa yaya.

Kwenye baraza ile mama alianza maisha yake. Bibi mmoja wa Kirundi aliyekuwa anapita kwenda kanisani alikaa naye, wakazoeana. Bibi huyo alikuwa anaishi kwenye jengo la wazee, chumba cha chini, mlango unafunguka moja kwa moja nje. Mama akakitaka kama kile. Alikuwa amejifunza neno moja la Kiingereza, lenye maana ya mkalimani, na kila ofisi aliyopelekwa alilisema kwanza, kabla ya salamu, na hakufungua mdomo tena mpaka waliposhika simu kumtafutia. Mdogo wangu alikaa pembeni akisikia mama yake akijibiwa na watu. Kiangazi kilipoisha mama alikuwa na ufunguo wake, jiko lake, na mguu wa bandia aliouvalisha soksi na kiatu kama ule mwingine.

Ndipo ikaja ibada ya shukrani.

Kanisa la mdogo wangu ndilo lililoandaa. Nilifika asubuhi nikiwa na binti yangu. Mama alikaa kiti cha mbele, kitenge kipya, kilemba, mguu wa bandia ameunyoosha kila mtu auone. Nilifurahi kumwona vile. Halafu nikaona yaya anaingia, na wifi, na watoto wao wote, na gari la pili la watu wa Columbus. Alinisalimia vizuri. Nikamsalimia.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, yaya ndiye aliyesimama. Alisimulia kwamba mama alipougua alifunga na kuomba. Akasema Mungu alimwonyesha katika maombi kwamba mguu lazima uondoke ili mama abaki. Haikuwa rahisi, akasema, kwa mtoto wa kiume kuchukua uamuzi kama huo, lakini tuliamua kama familia, na yeye kama mkubwa akausimamia mbele ya madaktari. Sauti ikamkatika. Watu wakalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale wale waliokuwa wamenipigia simu walikuwa wanapangusa machozi na kumshukuru Mungu kwa ule mguu uliokatwa, kama vile tangu mwanzo wao ndio walioshika msumeno.

Nilimtazama mama, nikamngoja. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu. Mwisho akasema, "Amina."

Nilitoka nje nikatapika kando ya magari. Si kwa mfano. Nilitapika chai na mkate wa asubuhi.

Baada ya chakula nilimsukuma mama kwenye kiti mpaka kwenye gari, kwa sababu mguu wa bandia ulikuwa umemchosha. Nilimuuliza kwa nini amemwacha aseme yale. Nilisema kila mtu mle ndani sasa anajua uongo.

"Hakusema kwa akili yake," mama akanijibu. "Nilimupigia mimi. Nilimwambia akuje, asimame, aseme ni yeye."

Akaendelea, akifunga vizuri kilemba chake kwenye kioo cha gari. Alisema yaya asipokuwa mkubwa mahali, haji mahali pale, tangu mtoto yuko hivyo. Na yeye alitaka kuwaona wajukuu wake. Kule Columbus walikuwa wakikua bila yeye. "Muguu ulikuwa wangu," akasema. "Na habari yake ni yangu. Nimemupa."

Nilimwambia, na mimi je? Nilimkumbusha yule daktari, na kile Kiingereza changu cha ghalani, na simu za wale wanawake. Nilisema amechukua kitu changu pia akakigawa.

Mama alinitazama. Hakuwa na hasira, wala aibu. "Wewe unajua ilivyokuwa. Mimi najua. Haitoshi?"

Nilitaka kusema inatosha. Haikutosha, na mpaka leo haijatosha. Najua hoja yote: nilipigania neno lake lisikike, na mtu mwenye neno lake anaweza kulitumia hata kwa jambo linalokuchafua roho wewe uliyempigania. Ningeweza kuliandika hilo kwenye mtihani wa yule mwalimu mwembamba na kupata alama nzuri. Lakini tumbo langu halikusoma siasa. Nilipotaka kuondoka, yaya alikuja kwenye gari na sahani ya samaki iliyofunikwa vizuri kwa ajili ya safari, na nikaipokea kwa mikono miwili kwa sababu mama alikuwa anatazama. Kwenye kituo cha mapumziko barabarani, kabla hata hatujatoka jimbo la New York, niliitupa kwenye pipa, na binti yangu akauliza kwa nini, nami nikarudi kwenye gari.

Sasa mama anakaa chumba chake cha chini, anapika lengalenga, mchicha wa kwetu, kwenye sufuria zake, anagombana na yule bibi wa Kirundi kuhusu chumvi. Yaya anakuja kumwona mara nyingi, na wajukuu wanajaa sakafuni. Ule ushuhuda unazidi kukua; mara ya mwisho nilipousikia, alikuwa amemshika mama mkono ndani ya chumba cha upasuaji. Mama anacheka tu. Nami nakwenda Buffalo kila ninapopata likizo, nampeleka hospitali, namnunulia unga. Nikikuta gari la yaya nje, nakaa kwenye langu, injini inanguruma, mpaka aondoke. Mama anajua. Mara nyingine ananitazama akiwa dirishani, anarudisha pazia, anaendelea na mazungumzo yake.